Uzinduzi Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Barua imekuja kutoka Thika. Kirusi cha polio kimeonekana kwenye maji taka, huku huku kwetu. Kuanzia tarehe saba Aprili tutatoa matone nyumba kwa nyumba, kila mtoto chini ya miaka mitano. Barua inasema pia kila msimamizi aweke kumbukumbu za kila siku. Sawa. Zao nitaziandika kwa fomu yao. Hizi ni zangu mimi, Mumbi, sista wa chanjo katika zahanati ya Kimbo, miaka ishirini na saba nikidunga watoto wa watu na kusikiliza upuzi wa wakubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoka Thika, mkutano wa kuwahamasisha viongozi. Mtu mzima, ana watoto wake, ana wajukuu, anaandaliwa hoteli na sambusa ndipo akubali kwamba si vizuri mtoto kupooza mguu.

Nilipewa dakika kumi. Nikawaambia wazi: katika wadi yetu, kila watoto kumi, watatu hawajamaliza matone. Si kwamba mama zao ni wajinga. Ni kwamba wanaishi kwa ploti za ghorofa zenye geti la chuma, mama anatoka kabla jua halijachomoza kwenda kwa mashamba ya maua au kiwandani, na mwangalizi wa ploti hamfungulii mtu asiyemjua. Nikasema sitaki hotuba. Nataka kila kiongozi awapigie wenye ploti simu aseme, "Fungueni, hawa ni watu wangu." Basi.

Maswali yalikuwa matatu. Wa kwanza aliuliza nani atakaa meza kuu. Wa pili aliuliza rangi ya tisheti. Wa tatu aliuliza kama chai imeisha. Mmoja alilala mdomo wazi kabisa, na kama ningekuwa na kichupa ningemtonea mawili.

Mkubwa wangu, Daktari Erastus, alifunga mkutano kwa kusema mambo yalienda vizuri sana. Daktari Erastus hukubaliana na mtu wa mwisho kuongea. Ukitaka akuunge mkono, ongea mwisho.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza. Paa la stoo linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Ijumaa, 21 Machi

Ruiru, ofisini kwa Mheshimiwa Njau, mwakilishi wetu wa wadi, mimi na Daktari Erastus. Tulingoja kwa saa mbili na nusu. Aliyetungojesha ni msaidizi wake, Eddie, mwanamume wa miaka arobaini na ushee anayeongea kama wa kidato cha pili.

Mheshimiwa alinisikiliza huku akisoma simu. Halafu akasema, "Sista wangu, hayo mageti ni maneno ya simu moja. Hao wenye ploti wote wananijua. Lakini kampeni nitaizindua mimi. Hakuna mtoto atapata hata tone kabla sijazindua. Watu lazima waone kazi."

"Kirusi hakingoji uzinduzi, Mheshimiwa."

Akacheka. Daktari Erastus naye akacheka, kwa sababu Mheshimiwa amecheka.

Basi tumekubaliana: uzinduzi Jumamosi tarehe tano Aprili, uwanja wa shule, saa tatu asubuhi. Akishazindua ndipo atapiga simu. Kwanza picha, halafu watoto.

Jumanne, 25 Machi

Nimewafundisha wahudumu wa afya wa jamii, kumi na wawili. Nimerudia habari ya mraba mpaka koo limekauka. Kwenye karatasi ya kila kichupa kuna duara la zambarau, na ndani ya duara kuna mraba mweupe. Joto likiingia, mraba unaanza kuingia rangi. Ukifanana na duara, dawa imekufa, tupa.

Mwanarusi, Mama Yahya, yule anayekaanga viazi karai karibu na steji ya matatu, alifika saa tano mikono ikinuka mafuta, halafu ndiye wa maswali. "Sista, na kama hakuna ingine?"

"Tupa."

"Na kama daktari mkubwa amesema nipe?"

"Mama Yahya, tupa ni tupa."

Wenzake wakamcheka. Anaongea kushinda redio, na mwandiko wake ni kama kuku amekanyaga majivu. Sijui nani alimchagua.

Jumatano, 2 Aprili

Tisheti zimefika. Mbele zimeandikwa MALIZA POLIO kwa herufi ndogo. Nyuma ni uso wa Mheshimiwa, bega hadi bega.

Ijumaa, 4 Aprili

Eddie amekuja na gari. "Sista, niaje? Mkubwa amesema nibebe ile dawa ya kesho ilale kwake. Lazima itokee na msafara, iingie uwanjani ikionekana."

Nikamwambia dawa hailali kwa mtu, inalala kwa friji ya zahanati. Akampigia Daktari Erastus papo hapo, akanipa simu. "Mpe tu, Sista," daktari akasema, "tusianzishe vita na huyu mtu, tunamhitaji."

Nikampa kisanduku cha baridi, vichupa kumi na viwili, barafu mpya. Nikamwambia Eddie mara tatu: moja kwa moja kwa friji. "Iko friji kubwa sana kwa ofisi," akasema. "Wacha presha." Nikatia sahihi.

Jumamosi, 5 Aprili

Uzinduzi umeahirishwa hadi Jumanne. Mheshimiwa ana mazishi Murang'a. Kina mama kama mia hivi walikuja, wakakaa juani, wakarudi. Nikampigia Eddie arudishe kisanduku. "Iko poa, Sista. Iko mahali safe." Nilitaka kwenda Ruiru nikichukue mwenyewe. Sikuenda. Nilikuwa na nguo za kufua.

Jumatatu, 7 Aprili

Tulifaa kuanza leo. Vichupa vingine vyote vya wadi bado viko Thika, vinangoja mtu akate utepe. Jua limechoma tangu asubuhi, lile jua la katikati ya mvua, mpaka kichwa kinauma.

Jumatano, 9 Aprili

Jana kulikuwa na uzinduzi. Nimeamka, nimekunywa chai, na sasa nitaandika yote, kwa sababu kwenye fomu yao hakuna mahali pa kuandika mambo haya.

Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Mheshimiwa aliingia saa tisa kasorobo alasiri, akitanguliwa na spika na akina mama wa kucheza. Walihutubu watu kumi na mmoja. Kila mmoja alimsalimia kila mwenzake kwa cheo chake, na ikifika kwa wa mwisho, wa kwanza amesahauliwa na anasalimiwa tena. Watoto walikuwa wanalia njaa. Mwenyekiti wa kitu gani sijui alisimulia jinsi alivyotoroka shule mwaka wa sabini na tisa.

Ndipo Eddie akaleta kisanduku. Alikitoa kwa buti ya gari, katikati ya waya za spika. Nikafungua. Barafu ilikuwa maji, na maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogesha mtoto. Nikatoa kichupa kimoja, nikakielekeza kwenye mwanga. Mraba ulikuwa umeiva, zambarau sawa na duara. Cha pili, hivyo hivyo. Nilitazama vyote kumi na viwili.

"Eddie, hii ililala kwa friji gani?"

"Sista, friji ilijaa soda za wageni, so nikaiacha kwa gari. Si iko na kifuniko?"

Tangu Ijumaa! Siku nne, kwa gari, juani. Soda ilipata mahali, watoto wakakosa.

Nikamvuta Daktari Erastus nyuma ya hema, nikamwonyesha. "Zimekufa zote."

Akakitazama kichupa kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa jirani. "Sasa unataka nimwambie nini Mheshimiwa?"

"Mwambie kina mama warudi kesho. Nitaleta mpya kutoka Thika mwenyewe."

"Watu wote hawa? Na kamera?" Akapangusa jasho. "Sista, hiyo dawa haina sumu. Haitamdhuru mtu. Raundi ya pili iko mwezi ujao, watapata huko. Tafadhali usituaibishe."

Sasa mimi. Ningeweza kukifunga kile kisanduku nikakikalia. Mimi ni mnene, hakuna mtu pale angeninyanyua. Lakini nilifikiria mageti, kwamba Mheshimiwa bado hajapiga simu. Nilifikiria miaka miwili iliyobaki nistaafu. Nilifikiria uwanja mzima ukinitazama. Kisha Mheshimiwa akanyoosha mkono, akapewa kichupa, akamtonea mtoto wa kwanza matone mawili, kamera zikapiga, watu wakapiga makofi, akanigeukia akanipa kichupa mimi niendelee.

Nikaendelea. Watoto mia mbili na kumi na wawili. Mwanarusi alikuwa kwenye foleni akiandika majina, mimi natonea, na kila mtoto nikampaka wino kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, alama kwamba amepata. Kina mama waliniambia asante. Wote, mmoja mmoja. Mmoja alinibariki kwa Kikuyu kama vile mamangu alivyokuwa akinibariki, na nikamwitikia.

Kabla hajaondoka, Mheshimiwa alipiga simu kwa wenye ploti, mbele yangu, akiwa ameegemea gari. "Fungueni, hawa ni watu wangu." Alitimiza neno lake, mbwa yule. Mimi ndiye sikutimiza la kwangu, la tupa ni tupa.

Ijumaa, 11 Aprili

Dawa mpya imefika na mageti yanafunguka. Inaniuma kuandika, lakini ni kweli: simu ya yule mtu imefanya katika siku moja nilichoshindwa kufanya miaka tisa. Tumeingia ploti ambazo sikuwahi kuona ndani. Tunakuta mtoto, tunatazama kidole. Hana wino, anapata. Ana wino, tunapita. Leo nimewapita wengi.

Jumatano, 16 Aprili

Wadi yetu imepata asilimia mia moja na tatu. Keki imekatwa. Daktari Erastus ametuma ujumbe wenye maua mengi.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua siku tatu bila kupumzika. Vyoo vya nyuma ya steji vimefurika, na watoto wanaendesha vifuniko vya soda kama mashua kwenye yale maji, miguu mitupu. Nimewafukuza mara mbili. Wanarudi.

Mwanarusi ameleta fomu zake, za mwisho kama kawaida, na hesabu haifanani na ya wenzake. Nikamfokea. Nikamwambia kama kuhesabu watoto kumemshinda arudi kwa viazi vyake.

Akangoja nimalize. "Sista, hesabu ni sawa. Hao wa uwanjani nimewaweka kando. Hawajapata."

"Nani amekuambia hawajapata?"

"Si wewe ulitufundisha? Nilitumwa kutupa vichupa siku ile. Nilivitazama." Akatoa daftari la watoto wa shule, lina doa la mafuta kwa jalada. Ndani kuna majina mia mbili na kumi na mawili, jina la mama, ploti, mlango. Kwa ule mwandiko wake. Nimeusoma wote bila shida.

"Wiki mbili, Mama Yahya! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Wewe ndiye sista."

Akachukua beseni lake akaenda. Mlangoni akasema, si kwa ubaya, "Mficha uchi hazai, Sista."

Jumatatu, 28 Aprili

Daktari Erastus: raundi ya pili ni tarehe kumi na mbili Mei, nivumilie tu, mambo yatajirekebisha yenyewe. Nimemwambia mtoto aliyekosa raundi ya kwanza amekosa, na maji yako nje ya mlango wake leo. Akasema amenisikia.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Mimi na Mwanarusi tumejaribu milango mitatu. Tumekwenda kama wezi, na kisanduku kwa mkoba. Kila mama anainua mkono wa mtoto anatuonyesha kucha, wino bado uko. "Huyu alipata, Sista. Wewe mwenyewe ulimpa." Wa tatu aliuliza ni dawa gani hiyo ya kurudiwa kwa siri, kwani mnawajaribu watoto wetu? Akafunga mlango. Kweli, mimi pia ningefunga.

Alhamisi, 8 Mei

Raundi ya pili imeahirishwa. Wakubwa wanataka uzinduzi mkubwa kuliko wa kwanza, na mgeni wa heshima yuko ng'ambo mpaka Juni. Nimecheka peke yangu ndani ya stoo mpaka mfagiaji akaja kuangalia.

Ijumaa, 9 Mei

Nimerudi Ruiru peke yangu. Nikamwambia Mheshimiwa yote: gari, soda, mraba. Alikuwa hajui. Hilo namkubalia, uso wake haukujua. Nikamwambia atangaze kwa spika zile zile kwamba watoto wa uwanjani warudi.

"Unataka nisimame mbele ya watu niseme niliwapa watoto wao maji?"

"Sema ni mimi niliwapa. Wewe sema tu warudi."

Akatazama dirishani muda mrefu, na kwa dakika moja hivi nilimwona kama baba ya mtu. Halafu akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Ngai, Mungu wangu! Nikajua imekwisha. Akaniambia kura si mbali, na haya maneno yakitoka atajua yametoka wapi. Eddie alinisindikiza mpaka chini. Hakunitazama. Alisema tu, "Sista, mi sikujua inaharibika." Miaka arobaini na ushee. Nilitaka kumtukana, na tusi likakwama, kwa sababu yeye hakujua na mimi nilijua.

Jumatano, 14 Mei

Thika tena. Mkutano wa kuwapongeza viongozi kwa mafanikio ya chanjo. Vyeti vimetiwa kwa fremu. Mheshimiwa Njau amepata chake, cha asilimia mia moja na tatu. Mimi nilipewa dakika mbili nitoe shukrani kwa niaba ya wauguzi.

Nikasimama. Nikasema, "Naitwa Sista Mumbi wa Kimbo. Tarehe nane Aprili nilitonea watoto mia mbili na kumi na wawili dawa iliyoharibika. Nilijua imeharibika. Nikawapaka wino. Mpaka leo hawana kinga ya raundi hiyo na kirusi kiko kwa maji. Naomba viongozi mnisaidie kuwaita warudi. Ni hayo tu."

Kijiko kilianguka mahali. Mtu alicheka, akidhani ni mzaha wa kuanzia. Daktari Erastus alitazama viatu vyake. Mheshimiwa akainuka, akasema kwa huruma nyingi kwamba sista wetu amefanya kazi sana, amechoka, apewe mapumziko. Makofi. Chai ikaletwa.

Wanaume na wanawake thelathini, kila mmoja na cheo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza watoto hao ni akina nani. Nilikuwa na daftari la Mwanarusi mkononi. Nilitoka nalo.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepata barua. Nina siku saba za kujieleza kwa maandishi. Mpaka hapo funguo za friji bado ninazo, na ndani kuna vichupa kumi na vinne vizima, mraba mweupe kabisa. Mwanarusi amefunga karai yake wiki nzima. Nikamuuliza atakula nini. "Wewe twende," akasema.

Jumatano, 21 Mei

Siku ya tatu. Watoto mia moja na arobaini na mmoja.

Kuna simu nyingine imepigwa, mageti yamefungwa tena, safari hii kwa jina langu. Kwa hivyo tunasimama nje, barabarani, kwa matope. Mwanarusi anafungua daftari anaita kina mama kwa majina, na ile sauti niliyokuwa nikiidharau inafika ghorofa ya nne. Wakishuka, mimi nasema. Nasema yale yale kwa kila geti, na hayazoeleki.

Wengine wamenitukana. Mmoja alinitemea mate, yakaanguka kwenye kiatu. Wengine wamelia. Wengi, wakishamaliza, wanaleta mtoto. Sikutarajia hivyo. Nilikuwa nimezoea kusema watu ni wagumu kuelewa. Tatizo lao ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia ukweli wakiwa wamesimama macho kwa macho.

Jioni tulifika ile ploti ya buluu nyuma ya kanisa. Mwangalizi, Muthoka, alisema kupitia tundu la geti kwamba hafungui, ameambiwa. Mwanarusi akaita. Akashuka mama mmoja kijana, Emmah, akasimama upande wa pili wa vyuma vya geti, sare za kiwandani bado mwilini, na msichana wa mwaka na nusu kiunoni. Nilimkumbuka. Ndiye aliyenibariki.

Nikamwambia. Alisikiliza yote bila kukatiza. Akachukua mkono wa mtoto, akatazama kile kidole, wino umekaribia kuisha.

"Ulijua siku hiyo hiyo?"

"Nilijua."

"Kabla umpe huyu wangu, au baada?"

"Kabla."

Akamhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno.

"Na kama angekuwa wako, amesimama kwa hiyo laini, ungempa?"

Kulikuwa na majibu mengi. Mheshimiwa, kamera, mageti, pensheni. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Wangu singempa."

Alinitazama kwa muda. Nimewatazama watu hivyo maisha yangu yote, na sikuwahi kujua unavyohisi ukiwa upande huu. Kisha akamwambia Muthoka afungue geti. Muthoka akafungua. Emmah akanipita kando kama mtu anayepita shimo, akamfikia Mwanarusi.

"Wewe ndiye utampa," akasema. "Huyu asimguse."

Mwanarusi akanitazama. Nikampa kichupa. Msichana akafungua mdomo, akapata mawili, akakunja uso. Mimi nikashika kisanduku.